Mwarobaini, mpera, mchaichai, kivumbasi au mlonge: jani lipi kwa shida ipi?

Shemeji alinipigia Jumamosi asubuhi akiwa Soko la Kirumba, hapa Mwanza, kelele za wauza dagaa zikisikika nyuma yake.

"Shem, kuna mama hapa ana mafungu matano. Mwarobaini, mpera, mchaichai, kivumbasi, na mlonge wa unga. Kila fungu mia tano. Anasema yote yanaua vijidudu. Mimi nina buku tu. Nichukue yapi mawili?"

"Kwani nyumbani nani anaumwa?"

"Hakuna. Nataka tu dawa iwepo ndani."

Nikamwambia nina dakika moja. Tukaongea robo saa, mpaka salio lake likaisha. Humu kuna niliyomwambia, pamoja na yale ambayo salio halikuruhusu.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kupokea mkojo, usaha na kinyesi cha watu, kuotesha bakteria waliomo, kisha kupima ni dawa gani bado inawaweza. Siku hizi naandika "sugu" mara nyingi kiasi kwamba naelewa kabisa kwa nini mtu anageukia jani. Wenzangu wengine wakisikia neno mwarobaini wanacheka. Mimi sicheki, maana nimeyaona majani yakiua bakteria kwa macho yangu. Nimeyaona pia yakishindwa, na sababu za kushindwa ndizo zinazonisaidia kuchagua.

Sahani tatu

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unapaka bakteria kwenye sahani yenye agari, ule ute mgumu kama jeli, unaweka juu yake vikaratasi vidogo vya mviringo vilivyolowekwa dawa, unaiacha sahani usiku kucha kwenye nyuzi joto 37. Asubuhi bakteria wameota kote kama ukungu kwenye kioo, ila kama dawa inafanya kazi, kuzunguka kikaratasi pako wazi. Ukubwa wa hilo duara ndio unaopimwa kwa rula.

Chuoni tulilijaribu hilo kwa mwarobaini uliokuwa nyuma ya bweni. Kundi letu tulichemsha majani kama wanavyochemsha bibi zetu. Kundi la pili wakaloweka majani makavu kwenye spiriti kwa siku mbili. Tukatumia bakteria walewale, stafilokokasi, wale wa majipu. Kulipokucha, sahani yetu ilikuwa imeota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Ya wenzetu ilikuwa na duara, dogo lakini duara. Tukaanza kubishana, mwalimu akatusogezea sahani ya tatu, yenye kikaratasi cha antibayotiki. Kisoda cha soda kingekaa ndani ya lile duara na nafasi ikabaki.

Sahani hizo tatu ndizo somo lote. Kemikali nyingi za majani zinazoua vijidudu hazipatani na maji. Hutoka vizuri zaidi kwenye spiriti au mafuta. Halafu kuna suala la nguvu. Antibayotiki nzuri huzuia bakteria kwa kiasi cha kati ya mikrogramu 0.01 na 10 katika kila mililita. Kemikali nyingi za mimea, hata zikishatengwa na kusafishwa, huhitaji mikrogramu 100 hadi 1,000. Hapo hujazungumzia jani zima, ambalo kemikali hiyo ni chembe tu ndani yake.

Sasa fuatilia kikombe cha chai ya majani. Kinaingia tumboni, sehemu yake inanyonywa, ini linaivunjavunja, kinachosalia kinagawanywa kwenye lita zipatazo tano za damu na mwili mzima uliobaki. Bakteria aliyeko kwenye figo hatajua kama ulikunywa kitu. Lakini bakteria aliyeko kwenye fizi, kwenye ngozi, kiganjani, au juu ya ukuta wa utumbo, huyo anakutana na dawa kabla haijachujuka. Kwa hiyo mimi nikipewa jani, siulizi linatibu magonjwa mangapi. Nauliza litakutana na huyo mdudu wapi, na likifika hapo litakuwa na nguvu kiasi gani.

Kuna na tofauti ya wadudu wenyewe. Mwaka 1884 Mdenishi mmoja, Hans Christian Gram, alibuni rangi ya kuwagawa bakteria makundi mawili, na mpaka leo asubuhi maabara yetu inanuka rangi hiyo. Kundi moja, wakiwemo stafilokokasi, halina ngozi ya pili ya nje. Kundi lingine wanayo, na ngozi hiyo inazuia kemikali nyingi za mimea kupenya. E. coli wa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, yumo kundi hilo la wagumu. Salmonela wa homa ya matumbo naye yumo. Yaani magonjwa mawili ambayo watu wa Mwanza huyatafutia majani kuliko yote, UTI na taifodi, yanaletwa na bakteria ambao majani yanawaweza kidogo kuliko wengine, tena wakiwa sehemu ambazo chai haifiki na nguvu yake. Nikimaliza kusema hivi watu hunikasirikia. Sina la kufanya.

Mwarobaini na mpera

Hawa wawili ndio wanaoshindanishwa zaidi, na ushindani wenyewe si wa haki, kwa sababu kila mmoja ana uwanja wake.

Mwarobaini umebeba jina lake kama mzigo: magonjwa arobaini. Asili yake ni Bara Hindi na Burma, na huko ndiko kemia yake ilikoanza kufunguliwa. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui alitenga kemikali iitwayo nimbini kutoka kwenye mafuta ya mbegu zake. Kwenye majani kuna nimbolaidi, ndugu yake, pamoja na flavonoidi kadhaa. Azadiraktini, ile wanayoitaja sana wauza dawa za kienyeji kwenye spika, iko zaidi kwenye mbegu, na sifa yake kubwa ni kuvuruga wadudu wa mashambani. Ukisikia jani linasifiwa kwa azadiraktini, ujue sifa imehamishwa kutoka kwenye mbegu.

Uchungu wake nao umeupa heshima isiyo yake. Watu wa rika langu tulikua na klorokwini, kwa hiyo kichwani mwetu dawa chungu ndiyo dawa. Stafilokokasi hana ulimi.

Mahali mwarobaini unaposhinda ni mdomoni na kwenye ngozi. Majaribio kadhaa madogo ya India yalilinganisha maji ya kusukutua ya mwarobaini na klorheksidini, dawa ya kusukutua ya hospitali, na mwarobaini ukapunguza utando wa meno na kuvimba kwa fizi vizuri tu. Ndiyo maana msuaki wa mwarobaini sina ugomvi nao: unatafuna kijiti, utomvu unakaa palepale penye wadudu, dakika kumi. Kwenye ngozi kuna habari ya upele, ule unaowasha usiku, unaoletwa na mdudu anayechimba katikati ya vidole. Mwaka 1992 madaktari wawili wa India walieleza kuwapaka watu 814 mchanganyiko wa mwarobaini na manjano, na kwamba asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Ni namba nzuri. Kasoro yake ni kwamba hakukuwa na kundi la kulinganisha nao, kwa hiyo mimi naisoma kama mwanzo mzuri, si kama hukumu. Dawa ya kupaka ya BBE (benzili benzoeti) ya duka la dawa bado ni ya uhakika zaidi, na kwa vyovyote vile nyumba nzima ipakwe siku moja na mashuka yafuliwe, la sivyo mnapokezana upele kama zamu ya kuosha vyombo.

Mpera hauna jina la kutisha. Ni mti wa kurushiwa mawe na watoto. Ulivuka bahari kutoka Marekani ya kitropiki, ukazoea kwetu mpaka tumeusahau ugeni wake. Ila kwenye tumbo la kuhara, jani la mpera ndilo lenye ushahidi ninaouheshimu kuliko hayo mengine manne.

Tafuna jani changa la mpera uone. Ule ukakasi unaokunja ulimi ni tanini: inashikana na protini za mate yako palepale. Ndani ya utumbo inashikana vilevile na protini nyingine, zikiwemo za vijidudu. Ukiongeza kwasetini, kemikali nyingine ya jani hilo, na ndugu zake, ambao hutuliza misuli ya utumbo, unapata maelezo ya kwa nini tumbo linaacha kusokota. Mexico walitengeneza vidonge vya majani ya mpera vilivyopimwa kiasi cha kwasetini, wakavijaribu kwa watu wazima waliokuwa wanahara. Matokeo, yaliyotoka mwaka 2002, yalionyesha maumivu ya tumbo yalidumu muda mfupi zaidi.

India, mwaka 2010, walikwenda ndani zaidi, na bahati nzuri walitumia majani yaliyochemshwa kwa maji, kama tunavyofanya nyumbani. Maji hayo yaliwazuia bakteria wa kipindupindu na shigela, wale wa kuhara damu, kwenye sahani. Kilichonifurahisha mimi ni mengine: hata pale yalipokuwa hayaui, yalipunguza sumu ambayo bakteria huitoa na yakawazuia kujibandika kwenye seli. Yaani jani linaweza kukusaidia bila kuua, jambo ambalo kipimo changu cha duara kisingelionyesha kamwe. Ila hao ni bakteria. Usihamishie sifa hiyo kwa virusi vya rota, ambavyo ndivyo vinavyowahangaisha watoto wachanga. Kwa hao kuna chanjo, na hapa Tanzania inatolewa tangu 2013.

Kwa hiyo mtu mzima aliyekula kitu kibaya Mwaloni, kule soko la samaki, akaanza kuhara maji, bila damu na bila homa, achemshe majani machanga ya mpera kiganja kimoja kwa robo saa, anywe. Lakini kinachookoa maisha kwenye kuhara ni maji na chumvi: chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, maji safi lita moja. Mpera unakaa pembeni ya hiyo jagi, haukai badala yake. Kukiwa na damu kwenye choo, jani linalotuliza utumbo linaweza kuwafungia wadudu ndani. Huko ni kituo cha afya. Na choo kikiwa kama maji ya mchele, katika mwambao huu ambako kipindupindu hurudi tena na tena, usitafute hata sufuria. Tafuta bodaboda.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya miti hii miwili kwa ajili ya nyumba ya kawaida, nachukua mpera. Kuhara kunatokea mara nyingi kuliko upele, mpera unakubali maji, na hauna kesi za sumu kama mwarobaini. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa, na kwa wajawazito mwarobaini wa kunywa si wa kuchezea.

Mchaichai na kivumbasi

Hapa tunahama kutoka ukakasi na uchungu tunaingia kwenye harufu. Nguvu ya haya mawili iko kwenye mafuta yanayopaa, na kila kosa linalofanyika jikoni ni la kuyaacha yapae.

Mchaichai una sitrali, ambayo kwa kawaida ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mafuta yake. Shida ni kwamba mafuta yenyewe hayafiki hata asilimia 1 ya uzito wa jani bichi. Sasa mtu anaweka majani kwenye sufuria wazi, anachemsha nusu saa, nyumba nzima inanukia, majirani wanasifia. Harufu inayojaza jikoni ni dawa inayoondoka. Ukitaka ibaki, kata majani vipande vidogo, yatie kwenye birika, mimina maji ya moto, funika. Baada ya dakika kumi funua taratibu uangalie chini ya mfuniko: yale matone yanayoning'inia, yanuse. Usiyafute, yarudishe ndani.

Hata hivyo chai ya mchaichai mimi naihesabu kama kinywaji kizuri, basi. Nguvu ya sitrali iko kwa fangasi, na inahitaji mafuta yaliyokamuliwa kwa mvuke. Brazil walijaribu mafuta hayo kwenye mba wa ngozi, yale mabaka meupe ya kifuani na mgongoni ambayo vijana wa mitumbwini wanayajua. Matokeo ya 2013: baada ya siku 40, asilimia 60 ya waliotumia mchaichai walikuwa hawana fangasi tena, wakati wa ketokonazoli, dawa ya fangasi ya dukani, walikuwa zaidi ya asilimia 80. Napenda jaribio hili kwa sababu halijapendelea upande wowote. Jani limefanya kazi, na dawa ya dukani imelishinda. Mtu mwenye hela ya krimu, anunue krimu. Asiye nayo, sasa anajua ana nafasi ya kiasi gani, ingawa ajue pia kwamba ni ya mafuta yaliyokamuliwa, wala si ya majani yaliyosuguliwa mgongoni.

Kivumbasi ni mwenyeji, na hilo linanipa raha kulisema. Angalia tena meza ya yule mama: mwarobaini wa India, mpera wa Marekani, mchaichai wa Asia, mlonge wa chini ya milima ya Himalaya. Katika mafungu matano ya "dawa zetu za asili", lenye asili ya Afrika ni moja.

Kivumbasi kina tabia moja ya kukera: kinabadilika kemia kutoka mahali hadi mahali. Mmea ukiwa na yujenoli nyingi, ukiufikicha kiganjani unanusa karafuu, kwa sababu yujenoli ndiyo hiyohiyo ya karafuu. Ukiwa na thaimoli, unanusa dawa ya kusukutua. Kemikali zote mbili hutoboa utando wa bakteria na fangasi, kwa hiyo huna hasara, ila usishangae dawa ya shangazi wa Ukerewe ikifanya kazi tofauti na ya kwako huku Nyakato. Nigeria wametengeneza dawa za kupaka za chunusi zenye mafuta ya kivumbasi. Kwetu hutumika zaidi dhidi ya mbu, kuning'inizwa dirishani, na huko hakuna ubaya mradi chandarua kishuke kama kawaida.

Kwa mafua na kifua, watu hutumia vyote viwili kujifukiza. Mwaka 2020, wakati wa korona, nyumba nyingi zilikuwa na sufuria yake maalumu. Mvuke unafungua pua, hilo ni kweli, lakini virusi vya mafua viko ndani ya seli na mvuke hauvifuati huko. Ninachokiogopa ni mtoto chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka. Nimeshaona mgongo wa mtoto aliyeungua hivyo, na baada ya hapo sijawahi kumshauri mtu amfukize mtoto.

Kati ya haya mawili, kwa kidonda kidogo au chunusi, kivumbasi. Kwa kikombe cha jioni, mchaichai.

Mlonge dhidi ya sabuni

Mlonge una ujanja ambao mingine haina. Kemikali yake kali, isothiosayaneti, ni ya ukoo mmoja na ile inayokuchoma puani ukila haradali, na katika jani zima bado haijatengenezwa. Iko katika hali ya usingizi. Ukilisaga jani, kimeng'enya kilichokuwa chumba cha pili kinakutana nayo na kuiamsha. Ndiyo maana mlonge unaochemshwa mzimamzima unakuwa mboga tamu yenye lishe lakini unapoteza meno yake: joto limekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Wa kuua vijidudu lazima upondwe kwanza, ukiwa mbichi au umekaushwa kivulini.

Utafiti mmoja wa mwaka 2014 ulifanya jambo ambalo ningetamani lifanywe kwa kila jani. Waliwapaka watu wenye afya E. coli mikononi, kisha wakawanawisha kwa unga wa majani ya mlonge au kwa sabuni ya kawaida. Gramu 2 au 3 zilishindwa na sabuni. Gramu 4 zikalingana nayo. Gramu 4 ni takriban vijiko viwili vya chai, kwa kunawa mara moja!

Piga hesabu ya fungu la mia tano. Utanawa mara chache sana, na kipande cha sabuni ya mche cha bei hiyohiyo kitakufikisha wiki. Kwa hiyo kwa mtu wa mjini mwenye duka hatua kumi kutoka mlangoni, unga wa mlonge wa kunawia ni anasa. Kwa familia ya kisiwani yenye mlonge uani na sabuni inayoisha kabla mtumbwi haujarudi, hesabu inageuka. Mikono yenye utelezi wa samaki wabichi inataka kitu cha kusugulia, na unga ule una ukwaruzo mzuri.

Mbegu za mlonge ni habari nyingine, na watu huzichanganya na majani. Mbegu zilizopondwa hukusanya tope la maji ya ziwa likazama chini, maji yakang'aa, na bakteria wengi wakaenda na tope. Wengi, wala si wote. Maji yakishang'aa bado yanachemshwa au yanatiwa klorini.

Wawili ambao hawakuwa mezani

Mtukutu, ambao Wahaya huuita mubilizi, ungekuwepo kama yule mama angekuwa anatoka Bukoba. Una kisa ninachokipenda. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman na Mohamedi Seifu walimwona sokwe jike mgonjwa, Chausiku, akimenya matawi machanga ya mtukutu na kutafuna kiini chake. Majani na maganda alitupa. Siku iliyofuata alikuwa anatembea vizuri. Watongwe wa huko nao hutumia mti huohuo kwa tumbo. Uchunguzi ulikuta kiini kina kemikali chungu zinazodhoofisha minyoo, na majani yana zenye sumu kali zaidi. Sokwe alijua kipimo. Sisi tunachemsha majani kwa sufuria.

Pakanga nitaipitia haraka. Dawa mseto ya malaria ina asili ya artemisinini, iliyotolewa kwenye jamaa ya pakanga ya China na Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alifanikiwa alipoacha kuchemsha akatumia etha, maana joto lilikuwa linaiharibu na artemisinini yenyewe haipendi maji. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai ya mmea huo kwa malaria, sababu kiasi kinachotoka hakitabiriki na dozi pungufu inawafundisha vimelea usugu. Kanda yetu ya ziwa inajua malaria vizuri mno kucheza na hilo.

Mahali ambako jani halifiki

Nilipokuwa darasa la tatu, Sengerema, nilipata mapunye. Bibi, Mungu amrehemu, alinisugua kichwa kwa kivumbasi mwezi mzima, kisha mwarobaini, kisha vyote kwa pamoja na mafuta ya taa. Mabaka yalikuwa yanafifia Jumatatu, Ijumaa yamerudi. Darasani niliitwa Ramani. Miaka mingi baadaye, nikiangalia unywele wa mgonjwa kwenye hadubini, nilielewa: fangasi wa mapunye huwa ndani ya unywele wenyewe, chini mpaka kwenye shina lake. Majani ya bibi yalikuwa yanawaua walioko juu tu. Kilichoniponya ni vidonge vya griseofulvini, wiki sita, ambavyo hupita kwenye damu na kuingia kwenye unywele unapoota. Mba wa mgongoni uko juu ya ngozi, jani linaweza kuufikia. Mapunye yako shinani, haliyafikii. Wote ni fangasi.

Kichocho vivyo hivyo. Minyoo yake inaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mtu wa mwaloni anayekunywa mwarobaini kila asubuhi "kusafisha kichocho" anausafisha ulimi wake. Dawa ni prazikwanteli, na wanaogawa huja mpaka shuleni.

Kwa anayenunua dawa iliyokwisha kusagwa na kutiwa kwenye chupa, swali langu huwa moja: imesajiliwa? Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, husajili waganga na dawa. Jani bichi unaliona ni jani. Unga wa kahawia ndani ya chupa ya maji ya Kilimanjaro unaweza kuwa chochote. Na anayemeza dawa za sukari, presha au kupunguza makali ya virusi amwambie daktari wake anachokunywa, hata kama daktari atakunja uso.

Shemeji alinipigia tena jioni, kwa salio la kaka. Alikuwa amechukua kivumbasi, na kwa mia tano iliyobaki amenunua sabuni. Mama wa mafungu alimwongezea mchaichai wa bure ili arudi wiki ijayo.

"Na mpera je?" akaniuliza. "Si ndio uliousifia sana?"

"Mpera wa kununua wa nini? Ule wa kwa Mama Neema umeinamia uzio wenu."

"Mama Neema tumegombana."

"Basi patana naye kabla hujaanza kuhara."